Seli za Mchomo: Silaha ya Konyeza na Jamaa Zake, kutoka Baharini hadi Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Mtu anayeogelea baharini huweza kuguswa na kitu laini kama ute, asikione, na papo hapo akasikia ngozi inawaka kana kwamba amepigwa mjeledi wa moto. Akitoka majini huona mistari myekundu mkononi au mguuni. Aliyemdhuru hana meno, hana kucha wala mfupa, hana ubongo, na karibu sehemu 95 kwa mia za mwili wake ni maji. Mnyama huyo ni konyeza. Swali linalozuka ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: kiumbe dhaifu namna hiyo hupata wapi nguvu ya kutoboa ngozi ya binadamu na kuua samaki mwenye mifupa na misuli?

Makala hii inakusudia kujibu swali hilo. Kwanza yataelezwa makundi ya wanyama wenye silaha hiyo. Pili muundo wa silaha yenyewe na namna inavyofyatuka. Tatu namna mnyama anavyoitawala. Nne madhara yake kwa binadamu na elimu iliyopatikana kutokana na madhara hayo. Mwishoni itazungumziwa konyeza wa Ziwa Tanganyika. Msomaji wa Lubumbashi, wa Kalemie au wa Uvira anaweza kudhani kwamba habari za konyeza zinawahusu watu wa pwani peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Konyeza yumo katika maji ya ziwa linalopakana na nchi yake, na mnyama huyo mdogo aliwahi kuzusha ubishi mkubwa juu ya asili ya ziwa lenyewe.

Yafaa kusema neno moja kuhusu istilahi. Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea mambo ya maabara. Katika makala hii yatatumika zaidi maneno ya wavuvi na wategaji: konyeza, mnyiri (jina la mkono mrefu wa pweza), chusa (mkuki wa kuvulia samaki wakubwa), kulabu, mtego, kufyatuka. Maneno machache ya kigeni, kama seli, protini na ioni, yamekwisha kuzoeleka. Msomaji mwenyewe atapima kama maneno hayo yanatosha au hayatoshi.

2. Konyeza na jamaa zake

Wataalamu wa elimu ya viumbe huwaweka konyeza katika faila moja iitwayo Knidaria. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki «knide», yaani mmea wenye majani ya kuwasha. Waswahili nao wanaujua mwasho wa namna hiyo kwa upupu, ambao vinyweleo vyake humfanya mtu ajikune mpaka atoke damu. Faila hiyo ina zaidi ya spishi 10,000, na nyingi huishi baharini.

Ndani yake yamo makundi yenye sura mbalimbali. Kuna konyeza wa kweli, wenye mwili wa mfano wa mwavuli na minyiri inayoning'inia. Kuna konyeza wa umbo la sanduku, wenye pembe nne, ambao sumu yao ni kali kupita ya wengine wote. Kuna maua ya bahari, wanaojishikiza juu ya mwamba na kutandaza minyiri yao kama petali. Kuna matumbawe, ambayo mifupa yao ya chokaa hujenga miamba mirefu chini ya maji. Kuna hidra, mnyama wa maji baridi mwenye urefu usiozidi sana sentimita moja, aliyechunguzwa na Abraham Trembley na kuelezwa katika kitabu chake cha mwaka 1744. Pia yuko Physalia, aeleaye juu ya bahari kwa mfuko wa hewa wa rangi ya buluu. Wengi humdhani kuwa konyeza mmoja, lakini kwa kweli ni koloni la wanyama wengi walioungana na kugawana kazi.

Wanyama hawa hawafanani kwa umbo, wala hawaishi maisha ya namna moja: wengine husafiri na mikondo, wengine hukaa mahali pamoja mpaka wafe. Jambo linalowaunganisha ni seli za mchomo. Hakuna faila nyingine ya wanyama inayoziunda. Hata vimelea vidogo viitwavyo Miksozoa, vinavyoishi ndani ya samaki na ambavyo mwili wao umepungua ukabaki seli chache tu, vimetambuliwa kuwa ni jamaa wa konyeza. Miongoni mwa alama za undugu huo ni vifuko vyao vyenye uzi, ambavyo huvitumia kujinasa katika mwili wa samaki. Wamepoteza kinywa, wamepoteza minyiri, lakini silaha ya ukoo wameihifadhi.

Silaha hiyo imetoka katika faila ya kale sana. Mwaka 2023 wataalamu walieleza konyeza aliyegeuka jiwe, waliyempa jina la Burgessomedusa phasmiformis, kutoka miamba ya Kanada yenye umri wa miaka milioni 505 hivi. Wakati huo hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliyekuwa amekwisha kutembea juu ya nchi kavu.

3. Muundo wa kifuko

Seli ya mchomo ni ndogo sana, haionekani ila kwa hadubini. Ndani yake kumefichwa kifuko, na katika spishi nyingi urefu wa kifuko ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Ukuta wa kifuko umefumwa kwa protini za jamii ya kolajeni, ile inayoipa nguvu mishipa na ngozi ya binadamu. Ukuta huo ni mwembamba lakini haupasuki kwa urahisi, na una sifa ya kuvutika kidogo kama mpira.

Ndani ya kifuko umekunjwa uzi mrefu. Uzi huo una tundu katikati, na urefu wake huweza kupita urefu wa kifuko mara nyingi. Jambo la ajabu ni kwamba umepinduliwa: upande wake wa nje umo ndani, kama mkono wa kanzu ulioingizwa ndani ya kanzu yenyewe. Kwenye shina la uzi, katika aina nyingi, kuna miiba na kulabu ambazo nazo zimelala ndani zikingoja. Juu ya kifuko kuna kifuniko, na pembeni mwa kifuniko hicho, kwenye uso wa seli, umesimama unywele mfupi mgumu. Unywele huo ndio ulimi wa mtego.

Kifuko hujaa maji yenye sumu na kemikali. Miongoni mwa kemikali hizo ni minyororo ya asidi ya glutamiki, ambayo hukusanya ioni nyingi karibu yake. Penye ioni nyingi maji huvutwa kuingia, sawasawa na kunde zilizolowekwa usiku ambazo asubuhi huonekana zimevimba. Lakini kunde hupata nafasi ya kuvimba. Kifuko hakina nafasi, kwa sababu ukuta wake unakibana. Kwa hiyo mgandamizo wa ndani hupanda mpaka kufikia baa 150 hivi, yaani mara 150 ya mgandamizo wa hewa juu ya uso wa bahari. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo kwa baa mbili au mbili na nusu tu. Kila seli ya mchomo ni upinde uliokwisha kuvutwa, ambao hushikiliwa na kifuniko kimoja.

4. Kufyatuka

Samaki mdogo au kamba anapougusa unywele, ishara ya umeme huenea katika seli. Kifuniko hufunguka. Ukuta uliokuwa umevutika hunywea ghafla, na mgandamizo husukuma uzi nje. Kwanza hutoka miiba iliyoungana kama ncha moja ya chusa, ikatoboa ngozi au gamba la windo. Kisha miiba hiyo hufunguka na kupanua tundu. Baadaye uzi hujipindua hatua kwa hatua ukipita katika tundu hilo, na sumu huingia nao mwilini.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kupima kasi ya tendo hilo, kwa maana lilimalizika kabla ya kamera yoyote kulinasa. Mwaka 1984 Thomas Holstein na Pierre Tardent walitangaza vipimo vya hidra: tendo zima lilichukua takribani sehemu tatu za elfu za sekunde, na mchapuko wa miiba ulikadiriwa kuwa mara 40,000 ya ule wa kitu kinachoanguka duniani. Hata hivyo hatua ya kwanza iliendelea kuwakwepa. Mwaka 2006 Timm Nüchter, Holstein na wenzao walitumia kamera yenye uwezo wa kupiga picha zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Waligundua kwamba miiba hutoka katika muda wa sehemu 700 za bilioni za sekunde, na kwamba mchapuko wake hufikia mara 5,410,000 ya ule wa mvutano wa dunia. Mchapuko huo unaupita mbali ule wa risasi ndani ya mtutu wa bunduki. Ni mojawapo ya miendo ya haraka kupita yote inayojulikana katika viumbe hai.

Hesabu hizo zinafafanua fumbo lililotajwa mwanzoni. Mwiba wenyewe ni mwepesi mno, wala uzito wake usingetosha kumwumiza hata kamba. Lakini kwa kuwa kasi ni kubwa na ncha ni nyembamba kupita kiasi, mgandamizo mahali inapogonga huwa mkubwa wa kutosha kupasua gamba gumu. Udhaifu wa mwili mzima hauzuii ukali wa sehemu yake moja.

Kila kifuko hutumika mara moja tu. Uzi uliotoka haurudi ndani. Seli hufa, na nyingine huja kushika nafasi yake. Katika hidra, seli changa hujigawanya katika mwili wa mnyama, kila moja ikaunda kifuko chake, kisha zikasafiri mpaka kwenye minyiri na kujipanga tayari. Mnyama hulazimika kutumia chakula chake kutengeneza silaha mpya kila siku. Kwa sababu hiyo hana budi kuwa mchoyo wa mishale yake.

5. Nani hutoa amri?

Hapo huzuka suala ambalo limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Je, kila seli hujiamulia yenyewe, au mnyama mzima huiamuru?

Kuna ushahidi mwingi unaoonyesha uhuru wa seli. Mnyiri uliokatwa na kuachana na mwili huendelea kuchoma. Konyeza aliyekufa ufukoni, amelala mchangani bila dalili yoyote ya uhai, huweza kumchoma mtoto anayemchezea. Seli haingoji amri ya ubongo, kwa kuwa ubongo haupo. Mwaka 1942 mtaalamu wa Uingereza Carl Pantin alionyesha kwamba vifuko vya ua la bahari hufyatuka kwa kuguswa mahali penyewe, na kwamba kemikali za chakula huzifanya seli ziwe nyepesi zaidi kufyatuka. Ukiligusa ua la bahari kwa kioo kisafi, ni vifuko vichache vitakavyofyatuka. Kioo hicho kikipakwa ute wa samaki, vitafyatuka vingi.

Lakini uhuru huo una mipaka. Hidra aliyeshiba hufyatua vifuko vichache kuliko mwenye njaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha pia kwamba hidra hufyatua vichache penye mwanga mkali na vingi zaidi penye mwanga hafifu. Maana yake ni kwamba seli za fahamu zilizotapakaa mwilini hupeleka habari za shibe na za mwanga kwenye seli za mchomo, nazo hubadili wepesi wao.

Mwaka 2020 Keiko Weir, Nicholas Bellono na wenzao walieleza siri moja ya mfumo huo katika ua la bahari dogo liitwalo Nematostella. Katika ngozi ya seli ya mchomo kuna mlango wa kupitishia ioni za kalisi. Katika hali ya kawaida mlango huo umefungwa kwa namna ambayo mguso peke yake hauwezi kuufungua. Kemikali za windo zikifika, hali ya umeme ya seli hubadilika na mlango huwa tayari. Ndipo mguso unapoweza kufyatua. Kwa hiyo seli huhitaji mashahidi wawili kwa wakati mmoja: harufu ya windo na mguso wake. Wimbi likipita au jani la mwani likiigusa, mshale haupotei bure.

6. Aina za vifuko

Si kila kifuko hutoboa. Mwaka 1934 Mfaransa Robert Weill alichapisha uchunguzi mkubwa ulioweka msingi wa kuainisha vifuko kwa kufuata umbo la uzi, shina na miiba yake. Tangu hapo zaidi ya aina 25 zimetambuliwa. Kwa muhtasari zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kufuata kazi zake.

Kundi la kwanza ni la vifuko vya kutoboa, vilivyoelezwa hapo juu. Kundi la pili ni la vifuko vya kufunga: uzi wake hauna tundu mwishoni, bali hujisokota kama chemchemi ya waya kwenye nywele na miguu ya windo, hata windo lisiweze kuponyoka. Kundi la tatu ni la vifuko vya kunata, ambavyo uzi wake hushika kama ulimbo wa mtega ndege. Baadhi ya wanyama hutumia uzi wa kunata kujishikiza chini wanapotembea. Wengine, jamaa wa maua ya bahari wanaoishi katika matope, hufyatua nyuzi nyingi na kuzifuma zikawa ala ya kujihifadhia mwili. Hapo silaha imegeuka kuwa kitambaa.

Wanyama wengine nao wamejifunza kuishi na silaha hii au kuiiba. Samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye milia myeupe, wanaoonekana katika matumbawe ya Bahari ya Hindi, hukaa katikati ya minyiri ya ua la bahari bila kudhurika, wakilindwa na ute wa ngozi yao. Aina fulani za konokono wa bahari wasio na gamba hula hidra na maua ya bahari, wakavihifadhi vifuko ambavyo havijafyatuka na kuvisafirisha mpaka kwenye ncha za vidole vilivyo mgongoni mwao. Adui akiwauma, hupata mchomo wa mnyama ambaye hakumgusa. Kuna hata kaa wadogo wanaoshika maua ya bahari katika magando yao mawili, wakiyatumia kama ngao na mkuki.

7. Sumu na binadamu

Sumu ya vifuko ni mchanganyiko wa protini nyingi. Baadhi hutoboa ngozi za seli, zikavujisha yaliyomo. Nyingine huvuruga mishipa ya fahamu au moyo. Kwa spishi nyingi madhara kwa mtu ni maumivu na uvimbe unaopita baada ya saa chache. Chironex fleckeri, konyeza wa umbo la sanduku wa kaskazini mwa Australia, ni habari nyingine. Minyiri yake hufikia 60, kila mmoja ukiwa na urefu wa hadi mita tatu, na mtu aliyezungushwa minyiri hiyo kwa wingi huweza kufa katika dakika chache kwa kusimama kwa moyo.

Sumu hii ilileta pia ugunduzi mkubwa wa uganga. Mwaka 1901 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walisafiri katika jahazi la Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya Physalia. Waliporudi Ufaransa waliendelea na kazi kwa kutumia sumu ya maua ya bahari. Walitaka kujua kama mbwa aliyepewa kiasi kidogo angepata kinga. Mbwa mmoja, jina lake Neptune, alipewa sumu na hakuugua sana. Siku 22 baadaye alipewa kiasi kile kile, na katika dakika chache akaanguka, akapumua kwa shida, akafa. Dozi ya kwanza haikuwa imemkinga. Ilikuwa imemwandaa kufa. Mwaka 1902 wataalamu hao waliliita jambo hilo anafilaksi, yaani kinyume cha kinga. Leo kila daktari anayechoma sindano ya penisilini, na kila mgonjwa mwenye mzio wa nyuki au wa karanga, amefaidika na ujuzi huo. Richet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Kutoka muundo wa kifuko hutokana kanuni za huduma ya kwanza, na hapa ujinga huumiza kuliko sumu. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Mnyiri uliobaki juu ya ngozi una maelfu ya vifuko ambavyo havijafyatuka. Mtu akiusugua kwa mchanga au kwa nguo, huvifyatua. Akimwaga maji ya mto au ya bomba, hubadilisha kiasi cha chumvi kinachovizunguka vifuko, navyo huweza kufyatuka. Mkojo, unaosifiwa na wengi, hauna faida iliyothibitishwa. Kwanza mtu atolewe majini. Kisha mahali palipochomwa pasafishwe kwa maji ya bahari, na minyiri iondolewe kwa kibano au kwa mkono uliokingwa. Kwa konyeza wa umbo la sanduku, siki huvizuia vifuko vilivyobaki visifyatuke. Kwa Physalia manufaa ya siki yanabishaniwa, na nchini Australia hupendekezwa maji ya moto ya nyuzi 45 hivi za Selsiasi, yasiyounguza, kwa muda wa dakika 20, kwani joto hupunguza maumivu. Mgonjwa anayeshindwa kupumua au anayepoteza fahamu apelekwe hospitali bila kukawia.

8. Konyeza wa Ziwa Tanganyika

Mwaka 1883 msafiri Mjerumani Richard Böhm aliona konyeza katika Ziwa Tanganyika. Hakupata muda wa kuendelea na uchunguzi wake, kwani alifariki katika Katanga mwaka 1884. Mwaka 1893 Mwingereza Robert Günther alieleza umbo la mnyama huyo na kuunda jenasi ya Limnocnida. Jina hilo likifasiriwa huwa «mwasho wa ziwa».

Konyeza huyu ana upana wa sentimita mbili hivi. Mwili wake hupenywa na mwanga kama kioo, na minyiri yake mingi myembamba huzunguka ukingo wa mwavuli. Huzaa pia kwa kuchipua: konyeza wachanga huota kandokando ya kinywa cha mzazi, kisha wakajitenga. Hula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Seli zake za mchomo zinatosha kulemaza windo la namna hiyo, lakini nyuzi zake haziwezi kuipenya ngozi ya mtu hata akahisi maumivu. Mtoto wa Moba au wa Baraka anayeogelea katikati ya kundi la konyeza hao hana sababu ya kuogopa.

Hofu haikuwapo, ila ubishi ulikuwapo. Konyeza walijulikana kuwa wanyama wa bahari. Imekuwaje mmoja akaonekana katika ziwa lililo katikati ya bara, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari? Mwingereza J.E.S. Moore alifika ziwani mwaka 1896, akarudi tena mwaka 1899. Aliwaona konyeza, akawaona pia konokono wenye makombe mazito yaliyofanana na makombe ya bahari ya kale yaliyogeuka mawe. Katika kitabu chake cha mwaka 1903, The Tanganyika Problem, alitetea rai kwamba ziwa hilo ni mabaki ya bahari iliyofunika sehemu hizo zamani, na kwamba konyeza na konokono hao ni masalio ya bahari hiyo.

Rai hiyo ilivutia, lakini haikudumu. Mwaka 1904 na 1905 William Cunnington aliongoza msafara mwingine, na mkusanyo wa wanyama na mimea uliopatikana haukuonyesha dalili za bahari ya kale. Isitoshe, konyeza wa jenasi ile ile walionekana katika Ziwa Viktoria na katika mito ya Afrika, na mwaka 1912 spishi yake nyingine ilielezwa huko India. Mbelgiji Jean Bouillon, aliyechapisha uchunguzi mrefu wa jenasi hiyo mwaka 1957, alieleza baadaye spishi ya bonde la Kongo. Kama konyeza wanaishi katika maji mengi ambayo hayajawahi kuwa bahari, kuwapo kwao Tanganyika hakuwezi kuthibitisha bahari yoyote. Wataalamu wa miamba nao wameonyesha kwamba ziwa lilizaliwa kwa kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita kwa makadirio ya kawaida. Kuhusu makombe mazito ya konokono, imeelezwa kwamba yalitokea humo humo ziwani kama kinga dhidi ya kaa wanaoyavunja. Kufanana kwa sura hakukuwa ushahidi wa undugu.

Moore hakuwa mjinga. Aliona sawasawa, ila alihitimisha kabla ya kulinganisha. Ukosefu wa habari kutoka mito na maziwa mengine ulimfanya ayaone ya Tanganyika kuwa ya pekee. Funzo hilo linamfaa kila mwanafunzi anayekusanya data, ziwe za wanyama au za lugha: jambo linaloonekana la pekee mahali pamoja laweza kuwa la kawaida mahali ambapo mtafiti hajafika.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba nguvu ya konyeza haimo katika mwili wake kwa jumla, imo katika kifuko kisichoonekana kwa macho, chenye mgandamizo mkubwa, uzi uliopinduliwa na kifuniko kinachofunguka kwa mguso. Imeonekana pia kwamba kifuko hicho kina uhuru wake, lakini uhuru huo huongozwa na njaa, mwanga na harufu ya windo. Kwamba madhara yake yalifungua mlango wa elimu ya mzio. Na kwamba konyeza wa Tanganyika aliwafundisha wataalamu tahadhari.

Jambo moja limebaki, nalo linahusu wasomaji wa kurasa hizi hasa. Katika vyuo vikuu vya Kongo, elimu ya viumbe hufundishwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi anayerudi Kalemie wakati wa likizo hukosa namna ya kumweleza mzazi wake mvuvi jambo alilojifunza. Mzazi huyo anaujua mtego unaofyatuka. Anaijua kulabu, anaujua ulimbo, na usiku huwaona konyeza wakielea chini ya mwanga wa taa zake anapovua ndagala. Maneno anayo, na mnyama anamjua. Aliyekosekana ni mtu wa kuyakutanisha hayo mawili na elimu ya chuo, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mwingine isipokuwa yule mwanafunzi anayezijua lugha zote mbili.